Salamu Tuliyoinyamazia Mtondooni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa uliyetoka Wete asubuhi hii kuja kutuzindulia bango, Sheha wetu, Dokta Asya Hafiz, mtoto wetu tuliyemlea sote, mabibi na mabwana: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

MAKARIBISHO

Karibu Mtondooni. Uliposhuka garini ulitupa salamu mbili. Ya kwanza ni ya Mwenyezi Mungu, nayo tuliiitikia sote kwa sauti, maana kuiitikia ni wajibu. Ya pili ulituuliza, "Hamjambo?" Tukanyamaza. Tulimwona Sheha alivyobabaika, na tulikuona ulivyomtazama. Hatukukosa adabu, Mheshimiwa. Tulikubaliana Ijumaa baada ya sala kwamba tutanyamaza, na sababu utaisikia humu humu.

Tuliona pia ulivyopiga funda moja la chai ukakirejesha kikombe mezani. Waliopika hawakukosea sukari na chumvi. Hayo ndiyo maji ya kisima chetu. Wageni wote waliokutangulia tulikuwa tukiwafuatia maji matamu Mgogoni, tukayaleta kwa baskeli, kwa sababu kwetu ni aibu kumpa mgeni maji ya chumvi. Wakanywa, wakasifu, wakaenda zao wakijua kisima chetu ni kizima. Leo tumeona bora unywe tunayokunywa sisi.

HISTORIA YA BONDE

Bonde unaloliona nyuma ya bango hilo lililofunikwa kitambaa lilikuwa la mpunga. Wazee wetu walilima hapo, nasi tukalima hapo, na bahari ilikuwa huko nyuma ya mikoko. Mikoko tuliikata wenyewe kwa kuni na kuchomea chokaa, hilo hatulikatai. Lakini bahari nayo imepanda, na inapofika bamvua, maji yanapojaa kuliko siku zote, chumvi huingia bondeni na haitoki. Konde za chini zilikufa mwanzo. Udongo ukawa mweupe, ukaota magugu ya pwani. Zimebaki za juu, karibu na msikiti, na kila bamvua tunakwenda kuzitazama kama mtu anavyokwenda kumtazama mgonjwa.

Tulichoomba ni kitu kimoja: tuta la mawe na udongo la kuzuia maji yasiingie. Tukaambiwa tuta halijengwi bila utafiti. Tukasema haya, na uje huo utafiti.

UTAFITI

Ukaja. Walianza wanafunzi wa shahada ya uzamili, wakachota udongo kwenye vichupa, wakaondoka nao. Kisha akaja Asya mwenyewe, anasomea shahada ya uzamivu, na somo lake ni mabadiliko ya tabianchi na jinsi watu wanavyokabiliana nayo. Furaha tuliyokuwa nayo hatuna namna ya kuieleza. Huyu ni mtoto wa Bi Mwanabaraka, kakulia humu humu akifukuza ndege kwenye mpunga. Tukasema, sasa amekuja anayetujua.

Alikaa na Mzee Ame barazani, simu inarikodi. Akamuuliza, "Babu, maisha yakoje tangu maji haya yaingie?"

"Alhamdulillah, mjukuu wangu," alisema Mzee Ame. "Tushazoea."

Akamgeukia mama yake mzazi. "Na wewe mama, mnakabiliana nayo vipi?"

"Hatujambo, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Mgeni rasmi, hivyo ndivyo tunavyojibu watu wa huku. Mtu yuko kitandani, homa imemlaza, ukimuuliza hujambo atakwambia sijambo, alhamdulillah. Kisha unakaa kitako, unazungumza mawili matatu, unangoja, ndipo anapokwambia panapomuuma. Asya hahitaji kufundishwa hayo. Lakini alikuwa na haraka ya kumaliza masomo, na simu yake aliizima baada ya alhamdulillah.

Kitabu chake kikaandika kwamba watu wa Mtondooni ni wastahimilivu, wamekwisha kuizoea hali mpya, na kwamba msaada wa haraka unahitajika zaidi kwengine. Wakubwa wakakisoma. Tuta likajengwa bonde jengine. Hatuwaonei choyo wenzetu waliolipata, nao wana watoto. Ila wao walilia mbele ya mtafiti, na sisi tulimpikia pilau.

Khabari zilipotufikia, Bi Mwanabaraka alimpigia simu bintiye mbele yetu, hapo skuli.

"Asya, umetuandika vipi?"

"Nimeandika mlivyosema, mama."

"Na macho hukuja nayo?"

"Ningeandika msilolisema, wangenambia nawapendelea watu wa kwetu."

Bi Mwanabaraka akakata simu. Hajampigia tena. Leo mnawaona wote wawili hapa, mmoja meza kuu na mwengine mkekani, hawatazamani. Hilo nalo tunalihesabu katika hasara za bahari.

MAFANIKIO

Sheha alitwambia risala haikamiliki bila mafanikio, basi tumeyatafuta. Bonde letu limetoa shahada za uzamili. Limetoa Dokta. Limetoa mikutano Dar es Salaam na nchi za nje, ambako picha za konde zetu zilizokufa zilioneshwa ukutani na watu wakapiga makofi. Tuliziona kwenye simu za watoto wetu. Mpunga ndio halitoi. Huo mkate wa kumimina ulio mbele yako ni wa mchele wa dukani, umetoka ng'ambo, na miaka ya nyuma tungeona haya kuuweka mezani.

Na leo tumeongezewa tuzo, bango la mbao nzuri lililoandikwa Kijiji Stahimilivu. Mbao zile tumezitazama sana. Zingefaa kuzibia maji.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni neno hilo. Tumelichoka. Kwetu punda ndiye mstahimilivu, na malipo yake ni kuongezewa mzigo. Hatukuzoea chumvi, Mheshimiwa. Hakuna mtu anayezoea kutia udhu kwa maji yanayomuwasha macho, wala kumwona mwanawe anaaga. Vijana wetu wamekwenda Unguja na Tanga kutafuta vibarua. Wakipiga simu tunawauliza hali, wanasema hawajambo. Tunafunga simu, tunalia, kwa sababu kujibu hivyo tuliwafundisha sisi.

MAOMBI

Tunakuomba kitambaa hicho usikifunue. Bango likisimama hapa, kila atakayepita atasoma kwamba tumezoea, na hatutaulizwa tena. Lirudi Wete kwenye gari ulilokuja nalo.

Dokta Asya tunamuomba arudi kwa mama yake. Aje bila simu, alale humu mpaka bamvua lijalo, aende bondeni usiku na mchana ayaone maji yanavyoingia, kisha aandike tena. Tumekasirika naye sana, tunamwambia hapa mbele ya watu ili asiambiwe na wengine. Lakini mlango wa mama yake haujafungwa, na kitanda chake bado kiko pale pale. Tumemuuliza mama yake kabla ya kuliandika hili. Hakusema ndiyo. Alitandika shuka.

Na tunaomba tuta, wakati konde za juu zingali hai. Ombi jengine hatuna.

Mwenyezi Mungu akurejeshe salama kwa watu wako, akupe afya, na akukumbushe ladha ya chai ile kila utakapokaa kwenye kikao chochote kinachotuhusu. Amin.

Sasa tunaijibu ile salamu yako ya pili. Mtu akisema hatujambo, anasema hatuna jambo. Tumewaambia hivyo wanafunzi wote waliokuja, tukamwambia Asya, na kila mara tulikuwa tunasema uongo kwa adabu. Leo wakubwa kwa wadogo tumekubaliana tuseme kweli. Ulituuliza hamjambo, Mheshimiwa.

Tuna jambo.

Ni sisi,
Wakulima na Wakaazi wa Bonde la Mtondooni, Pemba.
Imesomwa kwa niaba yao na Nadhira Masoud.