Mwanafunzi wa Shimoni

Kijiwe chetu cha Nyangoto ni gogo moja refu mbele ya kibanda cha kahawa cha mama Mokami. Nyuma ya kibanda kuna duara lililokufa, shimo la dhahabu ambalo mvua ilibomoa mdomo wake na wachimbaji wakalisusa. Siku hizi hatubishani mpira. Tunasoma Kiingereza, maana tumesikia ajira za ulinzi zinakuja na kwenye usaili Kiswahili hakitakiwi. Mwalimu wetu ni Batholomeo, tunamwita Profesa, alikuja huku kuchimba akaishia kufundisha. Anasoma sentensi. Kwenye herufi kubwa tunanyoosha mkono, na mwisho wake tunapaza sauti wote: fulstopu. Ukipita utadhani vichaa, na mimi sikatai.

Asubuhi hiyo akaja dada mmoja na begi mgongoni, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja. Akasema anaitwa Evelina, katoka Bariadi, anamtafuta kaka yake Mboje. Simu haipatikani na mama yao kule nyumbani hali chakula. Tukamwambia tulichojua: Mboje alikuwa mwenzetu wa gogo hili, tangu wiki iliyopita haonekani. Wachimbaji ndivyo walivyo. Wakisikia dhahabu imetoka mahali, wanaondoka bila kuaga, na hapa mtu wa kuja haulizwi kaenda wapi. Mama Mokami akampa kahawa ya bure.

Profesa akaendelea. "My brother is at home." Mikono juu, fulstopu. Halafu wote tukageuza shingo kuelekea shimoni, tukasubiri. Kimya.

— Mnasubiri nini? Evelina akauliza.

Nchagwa, tunayemwita Kamati kwa sababu hakuna kikao kinachompita, akamweleza kwamba shimo lile linajibu. Tukimaliza sisi, nalo linasema fulstopu, nyuma yetu kidogo, kwa sauti nzito ya kukwaruza. Mwanzoni tulidhani ni mwangwi. Lakini siku moja tulisahau kuisema, shimo likaisema lenyewe. Mimi nywele zilinisimama, nikamwaga kahawa.

— Ni mizimu, Kamati akasema. Wazee wetu wako chini humo miaka yote wanasikia wageni wanaongea Kizungu. Wamechoka kutoelewa.

— Acha zako, mwenzetu Zablon akamkata. Hiyo ni dhahabu. Inajua itauzwa ng'ambo, inajiandaa na safari.

Profesa akawaona wote washamba. Kwake yeye, ni wafu waliokosa ajira enzi zao, nao wanautaka usaili. Alikuwa ameshaanza kulipatia shimo alama, na shimo ndilo lililokuwa likiongoza darasa. Tukacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Sikukipenda hata kidogo.

— Juzi sauti ilikuwa ndogo, nikasema. Na jana ilisema nusu tu.

— Imeshafaulu hiyo, akasema Kamati.

Evelina alikuwa ameweka kikombe chini.

— Kaka yangu alikuwa anaitikia vizuri?

— Mzito kidogo, Profesa akamjibu. Sisi tunamaliza, yeye ndiyo kwanza anaanza. Kila siku alikuwa nyuma ye...

Hakumaliza. Nilimwona anavyolitazama shimo. Ile sauti ilianza wiki iliyopita. Kila mtu pale gogoni alikuwa analijua hilo.

— Mliposikia mtu anajibu mle, Evelina akauliza taratibu, nani alikwenda kuchungulia?

Kamati akaangalia viatu vyake. Zablon akakohoa. Profesa akasimama, akaisoma ile sentensi tena, polepole, kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Hakuna aliyenyoosha mkono. Tulikuwa tunasikiliza tu, tunaomba kimoyomoyo shimo liseme, hata hiyo nusu.

Halikusema.

Mama Mokami ndiye aliyeinuka. Alikwenda kuanua nguo, moja baada ya nyingine, mbichi hivyohivyo, kwa sababu pale anapoanikia ni kwenye kamba ya wachimbaji ya kushukia shimoni, ndefu, imara, na wiki nzima ilikuwa inaning'inia juu ya vichwa vyetu.