Dhamiri ya Daktari Tidwell

Benchi letu liko mbele ya kituo cha mafuta cha Bogue Falls, Misisipi, mkabala na zahanati pekee ya mji. Kila Alhamisi tukimaliza kahawa na mikate ya soseji, sisi wazee tunavuka barabara, Daktari Tidwell anatupima presha. Jana daktari huyo alimrudisha Darlene Pruitt mlangoni. Darlene ndiye anayeendesha ambulansi yetu, kwa kujitolea, mwaka wa kumi na tatu huu. Kifua kinambana wiki ya tatu. Daktari alisema dhamiri yake haimruhusu kumtibu mwanamke aliyeoana na mwanamke mwenzake. Daktari mwingine yuko Larkin, maili sabini. Nilikasirika mpaka kahawa ikanipalia.

Shemasi wa kanisa letu ndiye aliyeanza.

— Sheria inamruhusu. Na wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji.

— Uji umeingiaje hapa, Shemasi? nikauliza.

— Haulizwi uji. Mengine anaulizwa!

Risasi, aliyejipiga mwenyewe mguuni akiwinda kulungu, akatikisa kichwa.

— Shida ni kile chombo cha kusikilizia kifua. Leo akiwekewa Darlene, kesho uwekewe wewe, ukirudi nyumbani mkeo unamwona dada yako.

— Mbona wangu ananiona kaka yake tangu mwaka juzi, nikasema, na hajapimwa?

Kisiki, mfupi wetu wa kiwanda cha mbao, akagonga benchi.

— Hamjui kitu! Mapafu yao yanavuta hewa kinyumenyume. Tidwell hakuyasomea. Anaona haya kusema, anasingizia dhamiri.

— Kisiki, una adabu wewe? nikamuuliza. Ulipozama mtoni, nani alikupulizia pumzi mdomoni?

Kisiki akajifuta mdomo. Aliyempulizia alikuwa Darlene.

Teófilo, dereva mgeni wa lori la mikate, alikuwa amesimama na kikombe chake.

— Samahani, wazee. Ninyi daktari akiwapima, huwa anawauliza mnalala na nani?

Risasi, mwenye talaka tatu, akachungulia kikombe chake. Shemasi, ambaye mji mzima unajua safari zake za Ijumaa kwa mjane wa Larkin, akashusha kofia. Mimi nami nina yangu.

Nesi akatokea mlangoni ng'ambo ya barabara.

— Wazee! Leo hamji kupimwa?

Kisiki akasimama, shingo imemvimba.

— Mwambie daktari wako dhamiri zetu zimekataa!

Akatoa ufunguo wa pikapu yake.

— Twendeni tukamchukue Darlene. Katubeba sana. Leo anabebwa yeye, na huko Larkin tutakaa mlangoni mpaka atibiwe.

Tukainuka. Shemasi akabaki amekaa, akiitazama zahanati. Halafu akamwaga kahawa yake chini, akatufuata.

— Nipisheni nikae mbele, akasema. Njia ya mkato ya Larkin naijua mimi.

Hakuna aliyemuuliza ameijulia wapi.