Stefania Lipande na Chaneli Iliyoondoka na Mwanawe

Baba Paroko, masheikh mliokuja kutusindikiza, ndugu zetu wa Newala na Lindi, majirani wa Kivinje na wafanyabiashara wa Nangurukuru, mimi ni Ignatius Jerome Lipande, kitinda mimba katika tumbo alilotoka marehemu, na familia imenikabidhi kuwasomea maisha ya dada yetu, ambayo sehemu kubwa mnaijua wenyewe, na sehemu moja mmekuwa mkiisikia kwa minong'ono, kwa hiyo leo nitaisema wazi mbele ya jeneza lake, kama Grace, mwanawe, alivyoniomba.

Dada Stefania alizaliwa tarehe 9 Mei 1958 katika kijiji cha Kitangari, Newala, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Jerome Lipande na mama Dativa, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na alipomaliza alichukuliwa na shangazi yetu Mary aliyekuwa akiishi Nyangao, ambako aliajiriwa jikoni kwenye misheni na kujifunza upishi uliomlisha maisha yake yote.

Tarehe 17 Septemba 1983 alifunga ndoa na Sipriani Mmuni, dereva wa malori, wakahamia Kilwa Kivinje, na Mungu akawajalia watoto wawili, Grace aliyezaliwa mwaka 1985 na Brighton aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1989. Mwaka 1991 alifungua mgahawa pale Nangurukuru mabasi yanaposimama, na wengi wenu mmekula wali wake wa nazi na kisamvu chake, na msimu wa ming'oko, vile viazi pori vya kwetu kusini, ukifika kulikuwa na madereva waliokuwa wakimpigia simu tangu Mbagala wawekewe sahani. Shemeji Sipriani alifariki kwa maradhi ya moyo mwaka 2004, dada akabaki kuwalea watoto kwa jiko lilelile.

Brighton alisomea uandishi wa habari Dar es Salaam, akaajiriwa na kituo kimoja cha televisheni, na kuanzia mwaka 2015 akawa na kipindi chake cha kutembelea majiko ya watu, anapika nao, anakula nao, anacheka nao, na kipindi kimoja alikuja kukirekodi pale pale mgahawani kwa mama yake, mama akimenya ming'oko na yeye akimtania mbele ya kamera, "Mama, waambie watazamaji, mimi na Grace nani anapika vizuri?" na mama akijibu bila kuinua macho, "Grace. Wewe unakula vizuri."

Tarehe 22 Juni 2019 Brighton na wenzake wawili walikodi boti kwenda Songo Songo kurekodi kipindi, boti ikapindukia kwenye mkondo, wenzake wakaokolewa na wavuvi, yeye hakuonekana. Alitafutwa na polisi, na wavuvi, na sisi ndugu zake tukitembea ufukweni kutoka Somanga kuja huku, na hatukupata hata kiatu.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo penye minong'ono. Dada alikataa matanga. Alikataa misa ya marehemu, alikataa kunyolewa nywele za msiba, akamwambia Baba Paroko aliyekuwepo wakati ule kwamba hawezi kumzika mtu anayemwona kila siku, na kweli alikuwa anamwona, kwa sababu kile kituo kiliendelea kurudia vipindi vya Brighton kila jioni, na dada alikuwa ameweka televisheni ukutani mgahawani, na jioni ikifika alivua aproni, akakaa kwenye kiti cha kwanza, na mwanawe akaingia akiwasalimia watu, "Hodi humu jikoni!" na dada akaitikia kwa sauti, "Karibu, baba." Wageni waliokuwa wakila walidhani ni mzaha. Sisi tuliomjua tuliinamisha vichwa kwenye sahani.

Hali hiyo ilienda karibu miaka mitatu, hadi tarehe 1 Aprili 2022, alipofungua televisheni akakuta skrini nyeusi yenye maandishi meupe kwamba chaneli hii haipatikani kwa sasa. Alimwita fundi wake wa siku zote, Abdulrahmani, ambaye yupo hapa, akapanda juu ya bati, akageuza dishi, akachomoa waya akaurudisha, kisha akashuka akasimama mbele yake akijifuta mikono muda mrefu.

"Mama Brighton, dishi zima, king'amuzi kizima. Wenye king'amuzi na wenye chaneli mkataba umeisha, na wanagombana kwenye kuandikiana mpya."

"Sasa ugomvi wao, mwanangu kawakosea nini?"

Abdulrahmani aliniambia kwamba alitoka pale bila kudai ujira.

Jioni ya pili dada alikaa tena kwenye kiti kilekile, mbele ya yale maandishi, na ya tatu pia, na wateja wakaanza kupungua, kwa kuwa ilitisha kumwona mtu mzima akiitikia hodi ambayo hakuna mwingine aliyeisikia. Jirani yake Bi Kidawa, ambaye alikuwa anauza chapati mlango wa pili, akawa anafunga biashara mapema na kwenda kukaa naye, na alipomwuliza anatazama nini, dada alimjibu, "Yumo humo nyuma, shoga. Wamemfungia mlango tu."

Mwezi Juni nilimpeleka Dar es Salaam, kwa sababu alisema atakwenda hata kwa miguu. Kwenye kampuni ya ving'amuzi tulipokelewa vizuri na kuelezwa kwamba mwenye chaneli ndiye aliyeiondoa, na kwenye kituo tulipewa soda na kuelezwa kwamba kampuni ndiyo iliyoiondoa, na kila upande ulisema mazungumzo yanaendelea na yaliyomo kwenye mkataba ni siri. Dada aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza yule meneja wa vipindi, Bwana Maftaha, aliyewahi kufanya kazi na Brighton, "Baba, mimi sitaki siri zenu. Nataka kujua nani kati yenu amemshika mtoto wangu." Bwana Maftaha alitoka nje, akarudi na macho mekundu na flashi mkononi, ndani yake vipindi vyote vya Brighton, akampa kwa mikono miwili.

Tulirudi tukidhani yamekwisha. Abdulrahmani akaichomeka, Brighton akatokea, akapiga hodi, na dada akamtazama hadi mwisho bila kuitikia, akaichomoa, akanirudishia.

"Ichukue, Ignatius. Huyu nikimwita ndiyo anakuja. Yule alikuwa anakuja mwenyewe."

Mwezi Novemba kampuni na kituo walipatana, chaneli ikarudi, na Nangurukuru nzima ilikuja kusimama mlangoni jioni ile. Saa ya Brighton ilipofika alitokea kijana mwingine, mchangamfu, na kipindi kingine, kwani mkataba mpya ulikuja na ratiba mpya. Dada alikaa hadi kijana wa watu alipoaga, akainuka, akazima televisheni kwenye swichi ya ukutani, akampigia simu Grace, na sote tulimsikia: "Mwanangu, Brighton amekufa. Njooni tumlilie."

Matanga yalifanyika hapa Kivinje Desemba 2022, misa ikasomwa, dada akanyolewa, akalia kilio alichokuwa amekibana tangu boti ilipopinduka, na akina mama wa Kiislamu wa mtaa huu walimshikilia mabegani mpaka kilipokwisha. Baada ya hapo alirudi jikoni, akapika, akacheka tena, ila mgahawani mwake televisheni haijawashwa hadi leo.

Mwaka 2024 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Lindi kwa vipindi, na Februari mwaka huu wa 2025 akalazwa. Siku mbili kabla hajatuaga alimwambia Grace, "Msogezee mgeni kiti, amesimama muda mrefu," na Grace akaangalia, hakuona mtu, akasogeza kiti. Hakuna aliyekikalia hadi tarehe 11 Februari, saa nne asubuhi, dada yetu alipokata roho akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lindi, Baba Paroko na jumuiya, Bi Kidawa na majirani wote, Abdulrahmani, madereva na makondakta, pamoja na Bwana Maftaha aliyesafiri tangu jana kuja kushika chepe pamoja nasi.

Dada Stefania, sisi tunakufukia wewe, na katika kaburi hili tumeomba liandikwe pia jina la mwanao chini ya lako, apate mahali. Laleni pamoja, mpumzike kwa amani.