Nguvu za Kinyozi Ziko Kwenye Nyonga ya Nyuma

Benchi letu liko nje ya duka la Kinyozi, na alasiri jua hugonga kioo chake likatujia usoni kama usingizi. Mvuke wa kahawa hupanda, maneno yakapanda nyuma yake. Leo Kinyozi kafunga mapema, kashika mpini wa fagio begani badala ya gongo. Jioni hii wazazi wanacheza besiboli na timu ya mabinti, na mrushaji wa mabinti ni binti yake mwenyewe. Mara ya mwisho Kinyozi alipiga hewa, akazunguka kama pia, akakaa chini. Uwanja mzima ulicheka. Binti peke yake hakucheka, aliinamisha kichwa. Kichwa hicho hakijamtoka baba mtu akilini hadi leo.

— Nguvu haiko mkononi, alianza Bawaba, fundi milango wetu. Iko nyongani. Hamishia uzito mguu wa nyuma. Haya, kalia kiti ambacho hakipo.

— Nimekalia.

— Umekalia au umechuchumaa? Mlango mzuri hugeuka kwenye bawaba, hauondoki na fremu!

— Sasa mikono, akadakia Springi, mshona magodoro. Mguu wa mbele ukienda mbele, mikono irudi nyuma. Mwili uvutane wenyewe kwa wenyewe, kama ndugu wanaogombea shuka moja.

— Si nitachanika, bwana?

— Haba na haba hujaza kibaba, shemeji. Jaza!

— Methali hiyo ni ya akiba, Bawaba akamsahihisha.

— Na hii ni nini? Akiba ya kiuno!

Kinyozi akajaza nguvu kiunoni. Bega la mbele likaingia chini ya kidevu. Goti la nyuma likatetemeka, likatulia.

— Mimi niliwahi kujikunja hivyo ndotoni, Springi akasema, sauti imelegea. Nikajikunja, nikajikunja, hata upepo ukaacha kuvuma ukinisubiri. Mpira ukaja, ukasimama mbele yangu, ukaniambia, "Samahani, mzee."

— Ukaupiga?

— Nikaamka.

— Ndiyo maana nasema, akaongeza Bawaba, macho yake yakiwa mawinguni, mtu akijaza sawasawa hana haja ya kupiga. Mpira unajionea wenyewe, unarudi kwao. Mvumilivu hula mbivu.

— Na pumzi niiweke wapi?

— Kisogoni.

Sijui ilikuwaje, ila sote tulikuwa tumeshasimama, makalio nyuma, vikombe vimeinuliwa usawa wa masikio, na mtaa wote kama umebana pumzi pamoja nasi.

Ndipo binti akatokea, glavu kwapani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, tukaitikia bila kugeuza shingo.

Akamzunguka baba yake kwa utulivu. Akamsukuma kiuno kwa kidole kimoja. Baba hakuyumba.

— Mmejaza vizuri, wazee wangu. Sasa mnapiga lini?

Bawaba akamtazama Springi. Springi akatazama birika. Birika lilikuwa tupu.

— Baba, nikurushie polepole?

— Thubutu! Kinyozi akasema, meno yamebana. Rusha kama unavyowarushia wengine.

Binti akacheka, kichwa juu, akatangulia uwanjani. Baba yake akamfuata vilevile alivyokuwa, kajikunja, mpini begani, hatua kwa hatua, kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa pomoni, anayechunga lisimwagike hata tone kabla hajafika.