Nozeli ya Tatu ya Askofu, na Miaka Thelathini na Moja ya Mzee Primus

Jumatatu, tarehe 8 Septemba, Ushirika wetu wa Maziwa ulipoteza lita mia nne na kumi kabla ya saa nne asubuhi. Zilichacha kwenye keni, zikiteremshwa na bodaboda kwa safari tisa, kwa sababu pikapu yetu ilikuwa imelala Uru bila nozeli moja. Na leo Jumamosi, tarehe 27, tunampoteza aliyeitoa hiyo nozeli: Bwana Primus Temba, dereva, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Hasara ya kwanza nimeshaipigia hesabu. Ya pili inanishinda.

Kwa wageni ambao si wanachama: nozeli ndicho kifaa kinachopuliza mafuta ndani ya injini. Pikapu yetu inatakiwa kuwa na nne. Zipo tatu. Pikapu yenyewe inaitwa Askofu, kwanza kwa rangi yake ya zambarau, ambayo hakuna anayekumbuka nani aliichagua, na pili kwa sababu ikipanda mlima magari mengine yote hufuata nyuma kwa unyenyekevu.

Mzee Primus aliajiriwa mwaka 1994 kama tandiboi, kazi yake kupakia keni na kuweka jiwe nyuma ya tairi. Miaka mitatu baadaye alipata leseni, akakabidhiwa usukani, na tangu hapo hajautoa mkononi. Mvua za El Niño zilipogeuza barabara ya juu kuwa uji, alifunga minyororo kwenye matairi na kushuka kila siku. Hakumwaga keni hata moja. Wapo wanachama wanaoapa kwamba ng'ombe wao wakisikia honi yake huanza kushusha maziwa wenyewe. Mimi siapi, lakini wiki hizi tatu ambazo honi haikulia, vipimo vya asubuhi vimepungua, na sina maelezo mengine.

Tuje kwenye nozeli, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mwaka 2009 Askofu alianza kutoa moshi mweupe asubuhi na kugonga kama mtu anayetwanga mahindi. Nozeli ya tatu ilikuwa inavuja pale chini inapokaa, na masizi yamejijenga pembeni yake kama lami. Gari likapelekwa gereji moja mjini. Likakaa siku kumi na moja, likarudi linavuja zaidi. Siku ile Mzee Primus alitangaza mbele ya ofisi nzima kwamba hakuna mkono mwingine utakaofungua injini hiyo angali hai. Tulicheka. Hatukujua kwamba anatoa hati ya kiapo.

Kuanzia hapo matengenezo yalihamia nyumbani kwake Uru, kihambani, katikati ya migomba. Ilikuwa rahisi, kwa kuwa gari lilikuwa linalala kwake ili alfajiri lianzie vijiji vya juu. Haki yake apewe: kazi aliijua. Alifungua bomba la pampu, akatoa nozeli, akaisugua, akasafisha kiti chake, akaweka washa ya shaba, ile pete inayoziba uvujaji, akaikaza, akatoa upepo kwenye mabomba, Askofu akawaka. Tatizo lilikuwa ile washa. Mpya alikataa kuitumia. Alisema ya zamani ikipashwa motoni hadi iwe nyekundu, halafu ichovywe majini, inalainika na kuziba kuliko mpya. Moto alioutumia ni wa jikoni kwa mkewe, Mama Evelyn. Siku Padri alipokwenda kubariki nyumba, kiburu kilichoandaliwa, cha ndizi na maharage, kilinuka dizeli kutoka getini. Padri alikula akamaliza sahani, akashukuru, akasema sasa ana imani atafika Moshi bila kupita kituo cha mafuta.

Mwezi huu, wiki ya kwanza, nozeli ikavuja tena. Mzee Primus akaitoa, kama kawaida. Asichofanya kama kawaida ni kuirudisha.

Mimi, Veronika Tarimo, ndiye ninayepokea maziwa. Nilianza hapa kwa kuosha keni, na kabla ya hapo niliuza mitumba Kiboriloni, na aliyefunzwa hesabu na wateja wa Kiboriloni hazungushwi kirahisi. Mzee huyu alinizungusha wiki tatu. Nikipiga simu asubuhi: "Veronika mwanangu, kesho, Mungu akipenda, tunawasha." Nikipiga jioni: "Nozeli si ndizi, mwanangu, huimenyi ukala." Mwenyekiti wetu, Bwana Filemon, alipopiga yeye, aliambiwa shaba bado inapoa. Shaba gani inapoa siku tisa? Dereva mpya, Winfrida, ameshuka kutoka Mkuu na leseni yake na mabegi mawili, anakaa kwenye benchi langu kila siku akisubiri gari la kuendesha, na Mzee Primus amemtumia salamu kwamba gari hilo lina adabu zake, asiwe na haraka. Wanachama nao hawakunihurumia. Wakifika na madumu yao mgongoni, wananiuliza: "Mama Maziwa, Askofu bado yuko mafungo?"

Jumapili iliyopita nilipanda Uru mwenyewe, na washa mpya ya shaba kwenye pochi. Mzee alikuwa bandani kwa ng'ombe. Mama Evelyn alinikaribisha sebuleni, nikamwamkia, na kabla sijakaa nikaiona. Ilikuwa kwenye kabati la vyombo, karibu na vikombe vya wageni, juu ya kitambaa cha kufuma. Ilikuwa kavu, inang'aa, na washa yake imekaa mahali pake.

"Mama, hii si imeshapona?" nikauliza.

"Ilipona wiki ile ile ya kwanza," akasema. "Kila jioni anaitoa, anaifuta, anairudisha. Mimi vikombe vyangu havijawahi kufutwa hivyo."

"Sasa anasubiri nini?"

"We mtoto, na hesabu zako zote! Anaogopa kuamka saa kumi na moja akiwa hana pa kwenda."

Mzee Primus akaingia, akaniona nilikosimama. Shikamoo yangu aliiitikia. Kisha akatoka tena, akachukua panga, akakata mkungu wa ndizi na kunifungia, akasema wa watoto. Nozeli hakuitaja, na mimi, niliyepanda mlima nikiwa na maneno ya kumwambia tangu Kiboriloni, nilishuka nimebeba ndizi.

Mama Evelyn ameniruhusu kuandika haya. Amesema tena niyaandike kwa herufi kubwa.

Jumatano Bodi ilikaa, nikaieleza. Hakuna aliyecheka safari hii. Imeamuliwa kwamba Winfrida ataendesha, na kwamba kwa miezi sita Mzee Primus, akikubali, atakaa kiti cha kushoto kumwonyesha barabara, honi na hiyo injini. Barua aliletewa Alhamisi. Majibu yake kwa Bwana Filemon: "Kesho, Mungu akipenda, nitaisoma."

Mzee Primus, tunakushukuru kwa kila alfajiri uliyoamka kabla yetu ili watoto wa watu mjini wanywe chai ya maziwa. Tunakuombea migomba isiyolala kwa upepo, ng'ombe wazae mitamba, na magoti yakuruhusu kuingia chini ya gari na kutoka bila kuita mtu. Mama Evelyn tunamwombea jiko lisilonuka dizeli.

Lakini hatukubali kukuaga tukiwa hatujui. Ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, inakatwa leo saa nane kamili mchana, na Bwana Filemon ameagizwa asiiguse kabla hujasimama. "Kesho, Mungu akipenda" hatulipokei. Mungu ameshapenda, amekuweka hadi leo. Weka nozeli mezani, halafu utuambie kwa neno moja mbele ya wanachama wote: Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, kiti cha kushoto, unakikalia au hukikalii?