Winifrida na Kioo Kisichofutwa

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, Winifrida Komba anavua buti za mpira na kurudisha funguo za nyumba ya vyura ya bustani yetu ya wanyama. Miaka ishirini na saba! Aliyewahi kumshinda ubishi ajitokeze. Mimi Protas, mfuta vioo bora kuliko wote hapa London, nilijaribu nikashindwa.

Aliingia 1998 akiwa mfagiaji, akija na treni ya kwanza kutoka Croydon. Wenye digrii walikuja wakaondoka, yeye akabaki na chura wa kioo. Chura huyo ni mdogo kama ncha ya kidole gumba, mgongo kijani, tumbo halina siri: moyo unauona ukidunda. Akilala mchana damu anaificha kwenye ini, anabaki kama tone la maji. Daktari mmoja mgeni alimwandika chura mmoja kuwa amekufa. Winifrida akamwambia amelala huyo, apunguze kelele. Jioni marehemu akaamka, akala nzi.

Vita yenyewe ilikuwa 2011. Huko kwao, misitu ya Amerika ya Kusini, hutaga chini ya majani juu ya kijito. Wetu walidharau majani yote, wakabandika mayai ishirini na sita kwenye kioo cha mbele, kile cha wageni kutazamia. Jike akaenda zake. Kwa vyura hawa mlezi ni baba. Dume akakaa pale, analinda na kuyalowesha. Kioo kikachafuka, na Alhamisi wakubwa wanakuja.

Meneja wetu Kailash, mtu wa mtaa wa Kingsbury mzaliwa wa Kisumu, Kiswahili chake maji, akasema mayai ya kwenye kioo hukauka tu. Akaniamuru nifute.

Winifrida akaweka kiti mbele ya kioo. "Mzee Protas, kitambaa chini! Bwana Kailash, ukitaka kufuta, nifute mimi kwanza."

Yeye alimaanisha kitambaa. Kailash akasikia kazi. Akapanda ofisini, akarudi na barua ya kumfuta, ina muhuri.

"Mama, si umeomba mwenyewe?"

"Nimeomba kitambaa, umeleta karatasi. Haya lete, nijipepee. Humu joto."

Alhamisi wakubwa wakaja, wakatazama mgongo wa Winifrida. Siku kumi na nne alikaa anajipepea na ile barua. Ya kumi na tano, viluwiluwi vikaanza kudondoka majini. Kailash alivihesabu kwa sauti mpaka ishirini na mbili, kisha akaomba kwa upole barua yake, aichane. Hakupewa. Iko kwenye mkoba wake mpaka leo, mwulizeni.

Sasa nasikia minong'ono: mama akiondoka, usafi utafuata taratibu mpya. Basi sikieni. Juzi wametaga tena, kioo kilekile. Kitambaa ninacho mimi, kiti nimeshakikalia, na miaka yangu ni sabini na mmoja. Nifuteni.

Asante, dada Winifrida. Nenda ukalale mchana kama chura wako, na atakayekuamsha umjibu unavyojua. Afya na raha vikufuate hadi mlangoni Croydon. Kioo hakifutwi.