Gogo la Mpakani

Ndugu waombolezaji, familia inawaomba msogeleane, nyinyi mliosimama huku na nyinyi mliosimama kule, maana maisha ya Mama Alphonsine Dhena yanawahusu wote.

Alizaliwa karibu na Fataki tarehe 12 Machi 1951, akasoma hadi mwaka wa tano wa shule ya msingi, baba yake alipofariki akaacha shule na kushika jembe, mwaka 1969 akafunga ndoa na Michée, Mungu akawapa watoto sita, wawili wakatangulia, vita vikamchukua Michée mwaka 2003, naye mama akakimbilia huku mjini Bunia, komini ya Shari.

Aliporudi shambani kwake kule Fataki mwaka 2007 alikuta mti mkubwa wa msituni umelala juu ya mpaka wake na Mzee Félicien, mfugaji wa ng'ombe, ambaye hawakuwa wakisalimiana naye tangu vita, na vijana wa pande zote mbili wakaja na mapanga, kila upande ukitaka kuuchoma na kusogeza mpaka, lakini mama, aliyejua kwamba siku zile watu wakiona moshi walidhani nyumba zinachomwa na vijiji vizima hukimbia, akaketi juu ya gogo, akawaambia, "Muache muti ioze. Muchwa njo itagawa, itatupatia siye bote."

Walimtukana, wakaondoka, na mvua, mchwa, minyoo na nyuzi nyeupe za uyoga zikalimega gogo polepole, zikairudishia ardhi chakula chote ambacho mti ulikuwa umekinyonya, hata Félicien akaanza kuchuma uyoga upande wake na mama upande wake, kwanza bila kutazamana, baadaye wakijuliana hali.

Gogo likaisha, udongo ukawa mweusi, mpaka ukapotea nalo, na mwishoni mwa mwaka jana mama alipopanda maharage palepale, maneno makali kati ya vijana wa pande zote mbili yakaanza tena.

Januari 2014 alishikwa na ugonjwa wa figo, na binti yake Solange alipomuuliza mpaka ulipita wapi, alijibu, "Mupaka ilisha kuoza," akafariki tarehe 9 Juni.

Familia inawashukuru madaktari, majirani wa Shari, wakulima wenzake, na Mzee Félicien, aliyevuna shamba la mama alipokuwa kitandani na kutuletea mavuno hapa matangani. Nanyi vijana mnaotazamana kwa jicho la pembeni, yale maharage mliyokula mchana huu kwenye sinia moja, na hakuna aliyeyakataa, yametoka pale mnapopagombania.

Mama, pumzika sasa kwa amani, udongo unakujua.